Mhamisha Nyumba

Muuza samaki wa Hilltown aliniuliza kazi,
nikamwambia: nahamisha nyumba.
Anadhani nina lori.
Simsahihishi, maana si uongo kamili.
Nyumba ninayo, ya vyumba vitano, ina jiko na paka chongo,
na bwana mmoja wa kuchorwa, Pondo,
anayeunguza mkate kila jioni,
akalia, akajifuta, akaanza upya.

Alizaliwa kwenye kompyuta, huyu Pondo,
na huko nafasi ilikuwa ya kuchezea.
Fergus Lamond alimtengenezea mvua,
miezi kumi na minne, tone kwa tone,
akichungulia dirishani mwa ofisi yetu,
ghorofa ya tatu ya kiwanda cha kale cha magunia:
mvua ile ile ya Dundee, isiyoanguka,
inayosimama hewani
kama mtu aliyesahau alichokuja kusema.

Kumpeleka kwenye mashine ya sebuleni haikuwa taabu.
Kipanya hakuna, dole gumba lipo.
Tukakuza maandishi yasomeke kutoka kwenye kochi, basi.

Simu ndiyo iliyonitoa jasho.
Kidole cha mtu mzima ni kikubwa kuliko kitanda cha Pondo.
Unataka alale, unamgusa paka.
Unagusa sufuria, taa zinazimika.
Nyumba njema si mlango, walisema;
hawakuwahi kupita mlango wa milimita nne.

Nikatanua kitanda. Nikafukuza majirani wanne.
Waliobaki walikuwa na salamu arobaini,
nikawaachia kumi na moja.
Pazia nikalikataza kupepea.
Na bado simu ilichemka kiganjani kama kiazi.

"Wanunue simu mpya," alisema Ailsa, mkuu wetu,
si kwa ubaya,
kama mtu anavyosema chukua mwavuli.
Akaandika kiwango cha chini: giga nne.
Mimi nilikuwa na namba nyingine kichwani. Mbili.
Simu ya Shaweji, mdogo wangu, iliyoko Korogwe,
kioo kimepasuka, mgongo umefungwa kwa mpira wa baiskeli,
aliyeniuliza mwaka mzima:
hiyo nyumba unayojenga huko,
lini utatukaribisha?

Usiku, peke yangu, nilifuta mvua.
Yote.
Mashine ikauliza: una uhakika?
Sikuwa nao. Nikabonyeza.
Simu ikapoa.

Asubuhi Fergus aliitazama anga tupu ya Pondo mkononi mwangu.
Hakusema kitu. Alikwenda kuchemsha chai,
akasahau kutia majani,
akayanywa maji ya moto mpaka mwisho.

Siku ya tatu baada ya kuuachia mchezo, Shaweji akapiga.
Amepanda mchicha. Amemfundisha Pondo mkate,
hauungui tena
(sikujua kama hilo linawezekana).
"Lakini dada, kitu kimoja.
Huko kwenu hakunyeshi?
Mchicha wangu unastawi, wala sijui kwa nini."

Nyuma yangu dirisha lilikuwa linatiririka.
Kilima cha Law kilikuwa kimetoweka chote,
na daraja la reli limebaki nusu,
treni ikiingia kwenye kijivu pasipo kujua kama kuna ng'ambo.

Nikamwita Fergus.
Tulishika kinasa sauti nje ya dirisha kwa zamu,
mikono imelowa hadi viwikoni,
yeye akinikaripia nisipumue.
Kilobaiti tisini. Sauti tu, tone hakuna.
Ikaenea hata kwenye giga mbili.

Juzi Shaweji kaniambia:
Pondo aliposikia, aliacha sahani mezani,
akainuka, akaenda kufunga dirisha.

Hilo mimi sikuliandika.
Nimemuuliza Fergus. Anasema ni lake,
la mwaka juzi,
kabla tone la kwanza halijachorwa.